Ugonjwa Hutangulia, Jina Hufuata

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia umepangiwa Biharamulo, na kwamba tangu barua ya ajira itoke hulali vizuri. Vyema. Muuguzi asiyeogopa chochote simtaki karibu na kitanda changu. Ninachotaka kukuandikia ni namna ya kuogopa, maana iko hofu inayomfanya mtu avae glavu, na iko hofu inayomfanya ajifiche stoo ya dawa mpaka zamu iishe. Zote mbili huanzia tumboni, mahali pamoja.

Mali ya kukugawia sina. Kibanja cha migomba ni cha baba zako, nao wamekwisha kukipima kwa macho ilhali bado nakula ndizi zake. Fungu lako wewe ni haya niliyoyaona katika wodi za Kagera tangu nilipovishwa kofia ya uuguzi, enzi zile kofia bado zinavaliwa, mpaka nilipostaafu na hata baada ya hapo. Usitegemee nitayapanga vizuri. Aliyefundishwa kuandika ripoti kwa kompyuta ni wewe.

Nianze na lililo karibu. Machi 2023 watu walianza kufa katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Homa, kutapika, kuharisha, damu kutoka, figo kugoma. Tarehe 16 serikali ikatangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana, walioonyesha dalili ni saba na waliokufa ni watano. Tarehe 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akalitaja jina: Marburg. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, hesabu ilikuwa wagonjwa 9 na vifo 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya. Huko unakokwenda, Biharamulo, ukarudi Januari 2025. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10, wawili kwa kipimo na wanane kwa dalili, na hakupona hata mmoja.

Sasa jiulize: kabla ya jina kutajwa redioni, nani huwa anawapokea wagonjwa? Mtu mwenye Marburg siku za kwanza hana alama usoni. Ana homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, anatapika. Kwa mkoa wetu huyo ni mgonjwa wa malaria mpaka kipimo kikatae, na kipimo kikikataa anahamia taifodi. Unamtafutia mshipa, unamtundikia dripu, unafuta matapishi yake, unambadilishia shuka. Yale mavazi yanayofunika mwili mzima unayoyaona kwenye televisheni bado yako bohari. Yatafika, lakini yatafika pamoja na jina. Katika siku zile za katikati muuguzi hana kinga nyingine ila mazoea yake ya kila siku, yale aliyokuwa nayo juzi alipomhudumia mtoto mwenye mafua.

Waulize jirani zetu wa Rwanda. Marburg ilipotangazwa kule tarehe 27 Septemba 2024, ilikuwa imekwisha kuingia hospitalini Kigali, tena katika vyumba vya wagonjwa mahututi, mahali palipo na wataalamu na mashine. Waliougua walikuwa 66, na wengi wao sana walikuwa wahudumu wa afya. Hao si watu wasiojua kitabu kinasema nini kuhusu kinga. Walikuwa kazini, mgonjwa yuko mbele yao, na ugonjwa haujataja jina lake.

Ndiyo maana nakuambia, chuoni umefaulu na nimefurahi, lakini cheti hakikai mkononi. Kinachokaa mkononi ni ulichokirudia mpaka hukifikirii tena: kunawa kabla ya kumgusa mtu na baada ya kumgusa, glavu kwa kila damu, kila jasho la mgonjwa aliyezidiwa, kila haja, sindano kuingia kwenye boksi lake bila kurudishiwa kifuniko. Fanya hivyo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mlevi aliyeokotwa mtaroni. Fanya hivyo kwa mama yako mzazi akija na malaria. Ukichagua nani wa kumvalia glavu, umempendelea asiyevaliwa na umemtukana anayevaliwa, na ugonjwa utapita kwa yule uliyemwamini.

Mwaka 1976, kule Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, kulikuwa na hospitali ya misheni ya masista wa Kibelgiji. Kila asubuhi kliniki ya wagonjwa wa nje ilipewa mabomba matano ya sindano. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, bomba lilisuuzwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, basi. Ebola ikapita humo. Wafanyakazi wa hospitali walikuwa 17. 11 walikufa na milango ikafungwa. Kwa jumla waliugua watu 318 wakafa 280. Sidhani kama masista wale walipungukiwa na upendo. Watu walitembea siku nzima kuwafuata kwa sababu walipendwa. Nakutajia habari hii kwa kuwa siku hizi kila kiongozi anayekuja kuhutubia wauguzi huimba kwamba tatizo letu ni kukosa moyo. Moyo tunao. Moyo haujawahi kuchemsha sindano.

Lakini na upande wa pili nimeuona, tena kwa muda mrefu zaidi, na huu ndio uliokuwa ukiniuma nikitoka zamu.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa hapa kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa kutoka Uganda. Ninyi mmezaliwa dawa zipo, hamwezi kuelewa wodi ya wakati ule. Vijana wenye mabega, wafanyabiashara, wasichana waliokuwa wakitazamwa wakipita, wanalala kitandani wamebaki macho. Kipimo hakuna. Glavu zilihesabiwa kama fedha, nyingine tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda na kuzivaa tena. Miaka hiyo ya mwanzo, hofu ilikuwa na haki yake. Hatukujua, na asiyejua akiogopa hajakosa.

Baadaye nyaraka zikaja. Ukimwi hauambukizwi kwa kupeana mikono, wala kwa sahani, wala kwa kulala chumba kimoja. Zikabandikwa ukutani tukawa tunazisoma tukipita. Na sahani za wagonjwa wale ziliendelea kusukumwa kwa ncha ya kiatu. Majalada yao yalichorwa alama kwa wino mwekundu ili kila anayeyashika ajue. Sindano zao ziliachwa ziwe za mwisho, na zikiisha dakika za zamu, ziliachwa kwa zamu ijayo. Aliyekuwa akifanya hivyo angekujibu maswali yote ya mtihani kuhusu njia za maambukizi bila kukosa hata moja.

Na hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Ndugu anayeleta uji haangalii uji, anamwangalia nesi. Anaangalia umesimama wapi, umemshika mgonjwa vipi, umefinya uso au hukufinya. Jioni anarudi kijijini, na kile alichokiona kwako ndicho kijiji kizima kitakachomfanyia mgonjwa akiruhusiwa. Nimeona watu waliotengewa kikombe na kibanda kwa sababu tu shangazi yao aliona sista mmoja akirudi nyuma hatua mbili. Sista yule hakusema neno. Na redio ingesema nini tena baada ya hapo?

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo penye mtego, na wengi wa rika lako huteleza. Kwa Juliana, kukataa kumgusa mgonjwa kulikuwa ujinga. Kwa Marburg na Ebola, kumgusa bila kinga ndio ujinga. Mkono ni uleule, tendo ni lilelile, na maana yake imegeuka. Kwa hiyo usijipime utu wako kwa kugusa au kutogusa, wala usikubali ndugu wakupime hivyo. Mimi nilijiwekea kanuni moja na nakuachia: ogopa damu ya kila mtu, usimwogope mtu hata mmoja.

Utauliza, mtu amefunikwa mwili mzima, macho tu ndiyo yanaonekana nyuma ya miwani yenye ukungu, atamwonyeshaje mgonjwa kwamba hamwogopi? Zipo njia. Andika jina lako kwa kalamu nene kifuani kwenye aproni. Litaje ukiingia. Mwambie unachokwenda kumfanyia kabla hujakifanya, hata kama unadhani hasikii. Weka saa ya kuzungumza na ndugu zake nje ya uzio, na saa hiyo ikifika uwepo, hata kama huna jipya, hata kama habari ni mbaya. Hasa kama ni mbaya. Watu hawachomi kituo cha afya kwa sababu mgonjwa wao amefariki. Wanakichoma kwa sababu aliingia akifunikwa, hawakumwona tena, na hakuna aliyewaeleza.

Jambo hili limejifunzwa kwa gharama kubwa kule Kivu ya Kaskazini, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola katika eneo lile na Ituri iliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Kulikuwa na chanjo, kulikuwa na wataalamu wa dunia nzima, na bado watu walikimbia vituo, na vituo vilishambuliwa. Moja ya mambo yaliyosaidia katika mji wa Beni lilikuwa vyumba vya plastiki angavu: mgonjwa yuko ndani, ndugu wako nje, wanaonana nyuso, na muuguzi anaweza kufanya kazi nyingine kwa mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani bila kuingia. Na waliopona ugonjwa, kwa kuwa miili yao ilikwisha kuujua, walikwenda kuwabeba watoto ambao mama zao wamelazwa. Hakuna kati ya hayo lililopunguza kinga hata kidogo.

Liko jingine la moyo ambalo watu hulisahau, nalo ni kukata tamaa. Ukiambiwa ugonjwa unaua tisa kati ya kumi, mkono unalegea wenyewe. Dripu ikiziba unasema, ya nini? Kule Uíge, Angola, mwaka 2005, Marburg iliua 227 kati ya 252. Lakini Rwanda, kati ya wale 66, waliokufa walikuwa 15. Walitambuliwa mapema, wakapewa maji, oksijeni, dawa za majaribio, wakawekewa mashine waliozidiwa, wakakaguliwa saa kwa saa. Virusi ni vilevile. Kwa hiyo nesi akikuambia zamuni, "huyu wa kufa tu," usibishane naye. Nenda kapime mkojo wa mgonjwa, hesabu mapigo, andika.

Kipindupindu nitakipita haraka, si kwa kuwa ni kidogo. Kinachokuja nacho si hofu, ni dharau. Mwaka 2015 kilipoanzia Dar es Salaam na kusambaa karibu nchi nzima, ungewasikia watumishi wakisema hawa ni wachafu, wamejitakia, kana kwamba mtu huchagua kunywa maji ya kisima kilichoingiliwa na choo. Wakati unawasuta, wanakauka. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka kabisa anahitaji lita 6 za Ringer katika saa tatu, na karibu lita 2 kati ya hizo ziingie nusu saa ya kwanza. Ukimcheleweshea, anaweza kufa ukimtazama. Ukimwahi, jioni anaomba ndizi. Sijui ugonjwa mwingine unaomlipa muuguzi haraka namna hiyo, na ni aibu kwamba huo ndio tunaoufanyia kazi tumeziba pua.

Kuhusu ushujaa. Utasikia mengi kuhusu Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, na unayosikia ni kweli. Oktoba 2000 aliitwa kutoka masomoni Kampala kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa namna isiyoeleweka. Alikesha na majalada mpaka akaona mfanano wa wagonjwa, akasema ni Ebola kabla maabara haijasema. Novemba, wauguzi walipoona wenzao wanazidi kufa, waligoma kuingia kazini. Alikaa nao, akazungumza nao saa nyingi, wakarudi. Mlipuko ule uliwapata watu 425, ukaua 224, na ungeweza kuua wengi zaidi.

Lakini wasimuliaji huishia hapo, na mimi nataka uende hatua moja mbele. Alfajiri moja muuguzi wa kiume aliyekuwa mgonjwa alizidiwa, akitoka damu na kuhangaika. Daktari aliamshwa, akaenda mbio. Alivaa barakoa, gauni, glavu. Miwani hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Aliyewafundisha wengine wote kuvaa. Simlaumu, nani angemlaumu? Nakuonyesha tu kwamba ugonjwa huu haungoji ujinga, unangoja haraka. Mgonjwa akianguka kitandani na hujavaa, atabaki sakafuni dakika zile unazovaa. Moyo utakuuma. Vaa hata hivyo.

Na kuvua ndiko kwenye hatari kuliko kuvaa. Ukitoka umechoka, umelowa jasho, kiu imekubana, unataka kung'oa kila kitu mara moja. Vua mbele ya mwenzio anayekusomea hatua kwa sauti, nawa glavu kwa klorini baada ya kila hatua, usiguse uso. Asipokuwepo mwenzio wa kukuangalia, usiingie. Vifaa visipokuwepo, usiingie, na uandike katika kitabu cha ripoti, kwa tarehe na saa, kwamba umeomba na hukupewa. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkubwa aliyeita hilo utovu wa nidhamu. Acha aite. Kiapo chetu hakijasema tufe ili mtu aokoe fungu la bajeti. Na ukidai glavu, dai pia kwa ajili ya mama anayepiga deki na mzee wa mochwari. Hao ndio husahauliwa katika kila semina, nao ndio hushika ndoo.

Ukiumwa wewe, sema. Hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu wauguzi tumezoea kumeza Panadol na kuingia zamu. Alikuwepo muuguzi kijana Kinshasa, Mayinga N'Seka, aliyemhudumia sista aliyeletwa kutoka Yambuku mwaka ule wa 1976. Homa ilipomshika alikuwa na safari ya masomo ng'ambo inamsubiri. Alizunguka mjini akifuatilia hati zake, akakaa na watu hospitalini, kabla ya kulazwa. Mungu alisaidia, hakuna mwingine aliyeambukizwa naye, lakini yeye alifariki, na virusi vilivyotoka katika damu yake vinaitwa Mayinga hadi leo katika maabara za dunia. Ndoto ya safari ile naielewa kabisa. Ndiyo maana siku 21 za kujipima joto baada ya kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo usizione kama adhabu. Na mwenzio akiwa katika siku zake hizo, mpelekee chakula mlangoni na umpigie simu. Wenzetu wengi hawaumizwi na ugonjwa, wanaumizwa na wauguzi wenzao wanaohama benchi wakirudi.

Watakuja pia watafiti na fomu zao, wakupe soda na kalamu, wakuulize: je, uko tayari kumhudumia mgonjwa wa mlipuko? Kila mtu huweka tiki penye ndiyo. Jaza, ni kazi yao nao. Ila majibu ya kweli yako kwenye ndoo ya kunawia saa nane usiku: kama ina maji, nani aliyajaza.

Yaliyobaki ni yangu mwenyewe. Nina umri sasa, na kijijini kwetu popo, wanaotajwa kubeba Marburg, wako wengi juu ya miti ya matunda na katika mapango ya mawe. Nikiletwa siku moja kwenye kituo chako na homa ambayo haina maelezo, ukanikuta benchi la mapokezi, usinikimbilie. Nenda kavae kwanza. Nitakuwa nakuangalia kama umefunga aproni kwa nyuma.

Na nikifa kwa ugonjwa wa namna hiyo, nisioshwe na wanawake wa ukoo. Nisilazwe sebuleni, watu wasinishike miguu wakilia. Waje watu wa afya, wanizike wao, padri asome sala akiwa mbali, na wanangu wasimame wanaponiona mpaka nifunikwe. Najua watakuja juu, watasema bibi amezikwa kama asiye na watu. Baba yako mkubwa hasa, yeye hupenda matanga marefu. Nimemwandikia barua yake mwenyewe kuhusu jambo hili, na nakala nyingine anayo katekista, wasije wakasema umeyatunga wewe.

Bibi yako